Taa ya Jikoni kwa Ansgar

Kwa miaka miwili Snefrid Eliseussen alikuwa na vita na taa moja. Haikuwa taa ya ajabu. Ilikuwa balbu ya njano yenye kofia ya bati, kwenye dirisha la jikoni kwa kaka yake Ansgar, juu ya mteremko unaotazama maji hapa Skarvik. Wengine wote walikuwa wamezima za kwao kama alivyowataka. Ansgar peke yake ndiye aliyekataa, na kila Snefrid alipokuwa majini na wageni wake, wameinua shingo kuitafuta mianga ya kaskazini inayocheza angani, ile taa ilikuwa pale pale ikimkodolea jicho.

Huku kwetu kuzima taa ya dirishani si jambo dogo. Jua likishaaga mwezi wa Novemba halionekani tena mpaka Januari inapokaribia kwisha, na kila nyumba inayotazama bahari huwasha taa ya jikoni siku ile ya kuaga na kuiacha iwake usiku na mchana. Hata watu wabahili kupindukia hawaigusi. Wavuvi waliingia nyumbani kwa taa hizo kabla ya mitambo ya kuongozea yenye vioo kuja, na hata baada ya kuja, wengi wetu tunaiamini taa ya jirani kuliko kioo. Ukiuliza njia hapa, mtu hakutajii nyuzi za dira. Anakuambia umweke Gudveig chini ya kanisa halafu unyooshe, na Gudveig maana yake ni taa ya Gudveig.

Mlango wa Skarvik wenyewe ni mbaya. Unapoingia, kushoto kuna mwamba tunaouita Kikongwe na kulia kuna mwingine, Mumewe, na wote wawili hujilaza chini ya maji mahali ambapo kina hakizidi cha bakuli la supu. Mzee Peder, baba yao Snefrid na Ansgar, ndiye aliyeweka taa mbili: moja jikoni kule juu, nyingine ukutani kwenye banda la mashua kule ufukoni. Ukiziona zimesimama moja juu ya nyingine kama vifungo vya shati, pita. Ile ya chini ikihamia kushoto, nawe geuka kushoto. Ikihamia kulia, vivyo hivyo. "Mfuate mdogo mpaka akae chini ya mkubwa wake," mzee aliwaambia wanawe, na waliijua kanuni hiyo kabla ya kujua kusoma. Mzee alipofariki, nyumba ikabaki kwa Ansgar na banda likawa la Snefrid, na wala hawakugombana kwa hilo.

Snefrid alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, mwenye mabega ya mpiga makasia na ulimi usio na breki. Alikata minofu ya samaki kiwandani tangu usichana mpaka kiwanda kikafungwa. Akamzika mume wake, Kåre, wala hakujaliwa mtoto. Sisi tulidhani sasa atatulia afume soksi. Badala yake akanunua Terna, mashua ya mbao yenye milingoti miwili, kongwe kuliko yeye mwenyewe, akaing'oa mitambo ya kuvulia, akairudishia matanga yake ya rangi ya kutu, akaanza kuwachukua watu wa mijini wiki nzima wakati wa baridi, wakipenya fiodi moja hadi nyingine, kule bahari inakoingia kati ya milima kama kidole. Tulimcheka. Kisha wageni wakaja kweli, na tukaacha kucheka.

Tabu ni kwamba wageni wale walikuja kutafuta giza. Kwao mijini halipatikani. Walitaka mbingu nyeusi tii na mianga ya kijani ikicheza juu yake, wala hawakutaka kuona hata balbu moja. Basi Snefrid akasimama kwenye mkutano wa kijiji, ukumbini, watu wakiwa wamejaza keki mdomoni, akaomba kila nyumba izime taa zinazotazama maji siku Terna inapokuwa karibu. Mitambo ipo, alisema, nani siku hizi anaingia bandarini kwa taa ya jikoni? Watu wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali. Ni mmoja wetu, na biashara yake ilileta wateja dukani.

Ansgar akasimama kule nyuma. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka saba, mrefu, mwenye nyonga mbovu iliyomfanya aiuze mashua yake na kuacha bahari. "Taa ya baba haizimwi kwa ajili ya mtalii," akasema.

Hapo Snefrid angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Baba alikuwa na watu wa kuwangojea," alimjibu mbele ya kijiji kizima. "Wewe unamngojea nani? Chombo huna, mke huna. Taa yako inamulika uzee wako tu."

Kuna maneno ambayo ukiyasikia yametamkwa unatamani dari lianguke ili watu wapate la kuzungumza. Ansgar alichukua kofia yake akatoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ukumbini wala hakumsemesha dada yake. Kesho yake Snefrid alishuka bandani na nyundo, akaing'oa taa ya mzee Peder ukutani. Banda lilikuwa lake. Ya jikoni hakuweza kuigusa, na iliendelea kuwaka, msimu wa kwanza na wa pili.

Sasa ilikuwa Desemba, alasiri ya mwisho ya safari, na Terna ilikuwa inarudi Skarvik na wageni saba. Theluji ilikuwa imetoka kupita. Upepo ulitoka bahari kuu na kuwapiga mgongoni, si wa kutisha bado, lakini ulikuwa unapanda. Kisha mawingu yakapasuka, mianga ikajitandaza juu ya milima, kijani kibichi chenye pindo la zambarau, na wageni wote wakaduwaa midomo wazi. Mmoja wao, daktari wa meno kutoka Denmark aitwaye Preben, mtu wa maneno mengi, akaanza kupiga mluzi kwa furaha.

"Acha hiyo," Maiken akamkata. Maiken alikuwa binti wa mwenye duka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, baharia pekee wa Snefrid. "Huku hatuipigii mluzi. Inashuka."

"Inashuka kufanya nini?"

"Ukiiona imeshuka utatuambia wewe."

Snefrid alikuwa ameshika usukani, akatazama mbele kuitafuta taa ya Ansgar ili aipe jicho lake baya la kila siku. Haikuwepo. Akapangusa macho, akatazama tena. Mteremko mzima ulikuwa mweusi. Moyo wake ukaruka kwa furaha, na tusione aibu kulisema hilo: alifurahi kama mtoto aliyeshinda.

"Umeona?" akamwambia Maiken. "Mzee amesalimu amri!"

Maiken hakucheka. Aliutazama mteremko, akasema tu, "Nimeona," akaenda mbele kukunja kamba.

Hawakuwa wamefika mlangoni pa Skarvik ilipotoka harufu ya moto kutoka chini. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Snefrid alipofungua kifuniko alikuta maji ya bahari yanaruka kama ya bomba la mtaani: mpira wa maji ya kupoza injini ulikuwa umeganda na kupasuka, ukaogesha injini na betri zote kwa pamoja. Taa za ndani zikazimika. Kioo cha ramani, kile alichokisifu ukumbini, kikawa cheusi. Maiken aliteremka akaufunga mpira kwa matambara na waya, maji yakakatika, lakini umeme ndio ulikuwa umekwenda.

Walikuwa na redio ndogo ya mkononi. Meli ya uokoaji ilijibu kutoka upande wa pili wa rasi. Inakuja, walisema, lakini ilikuwa na mawimbi usoni, wasiitegemee upesi. Nanga haikusaidia kitu, kwani fiodi ile ni kisima, na pale mnyororo unapofika chini tayari umeshapanda juu ya mwamba. Kurudi nje hakukuwezekana. Chombo kizito kile, kwa matanga yale mafupi, kisingeweza kwenda kinyume cha upepo uliokuwa unaingia kama kwenye faneli. Kwa hiyo ilibaki njia moja, kupita kwa tanga kati ya Kikongwe na Mumewe, na miamba hiyo hakuna mtu aliyeweza kuiona. Mianga iling'aa juu, ndiyo, lakini ilipaka maji yote kijani kimoja, povu na kivuli usivitofautishe.

"Wageni wavae maboya," Snefrid akasema. "Wakae chini, wasishike kamba yoyote. Wewe nenda tanga la mbele."

"Unaingiaje?" Maiken akauliza kwa sauti ya chini.

Snefrid aligeuza kichwa. Aliutazama mteremko mweusi, ule uliomfurahisha muda mfupi uliopita.

"Nani ana simu inayofanya kazi?" akauliza kwa sauti.

Simu za wageni zilikuwa zimekufa kwa baridi, wamezitoa nje siku nzima kupiga picha. Preben akaingiza mkono ndani ya sweta, akachimba kwapani, akaitoa yake. "Mke wangu alinicheka," alisema kwa Kidenmark chake cha mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. "Lakini kwapa langu lina joto la uhakika."

"Nitajie namba," Snefrid akasema, akili imeruka. "Hapana. Nakutajia mimi. Andika." Namba aliyoijua kwa moyo ilikuwa moja tu, ya nyumba ya baba yake, ambayo Ansgar aliihamishia kwenye simu yake ya mkononi. Angemwita nani mwingine? Kijiji kizima kilikuwa ukumbini, kwenye mwisho wa ghuba, kikila samaki wa Krismasi kwa kelele. Aliyejifungia nyumbani alikuwa mmoja, na aliyemfungia ni Snefrid mwenyewe.

Preben akaibana simu kwenye sikio la Snefrid. Ikalia, ikalia.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Mimi nani? Dunia imejaa watu wanaojiita mimi."

"Ansgar, usinianze. Injini imekufa, umeme hakuna. Niko nje ya Kikongwe na upepo unanisukuma. Nina watu saba hapa, na Maiken."

Snefrid alisikia saa ya ukutani ya jikoni kwao, ile ile ya mama yake, ikigonga upande wa pili wa simu.

"Unataka nini?"

Ansgar alijua dada yake anachotaka. Alitaka tu kukisikia. "Taa," Snefrid akasema. "Naomba uwashe taa."

Kiti kikaburuzwa. Na kule juu, katikati ya weusi ule wote, jicho la njano likafumbuka. Mgeni mmoja akapiga makofi. Snefrid hakuwa na muda wa makofi.

"Umeiona?" Ansgar akauliza.

"Nimeiona."

"Na ya chini?"

"Unajua ya chini haipo."

"Najua. Nilikuwa dirishani nakutazama ukiing'oa. Nyundo ile, ungedhani unaua nyoka."

"Ansgar, moja hainisaidii kitu. Bila ya chini sijui niko..."

"Unanifundisha taa za baba yangu? Nyamaza nivae viatu."

"Usitoke! Ule mteremko ni barafu tupu, na nyonga yako..."

"Una mwingine wa kumtuma, bibie?"

Hakuwa naye. Akamsikia akihema, akatukana kiatu, akatukana mlango, kisha upepo ukaingia ndani ya simu. Kando ya ile taa ya njano kikatokea kimwanga cheupe, kidogo, kikaanza kushuka. Ilikuwa taa ya chemli ya betri, ile anayoitumia kwenye kibanda chake cha kuni. Kikashuka, kikasimama, kikashuka tena.

Snefrid akaielekeza omo, pua ya chombo, kwenye upepo ili apoteze mwendo. Matanga yakapigapiga kwa mshindo uliofanya wageni washikane. Lakini upepo haukumngoja mtu, chombo kilirudi nyuma taratibu kuelekea miamba, na alilijua hilo bila kutazama. Mikono ilikuwa imekufa ganzi ndani ya glavu. Aliwaza mambo ya ajabu: Ansgar akiwa kijana, amemweka mbele yake kwenye boti ya makasia, anamfundisha kuvuta pamoja naye, akimcheka anapokosa maji na kuangukia kisogo. Ni yeye aliyemfundisha, si baba. Baba alitoa kanuni. Ansgar ndiye aliyemkalisha usukanini usiku hadi usiku mpaka akaweza.

"Anafika," Preben akasema. "Anakaribia chini."

Kile kimwanga kilikuwa karibu ufukoni. Snefrid akageuza omo, matanga yakajaa, Terna ikaanza kukimbia kuelekea ndani. Ghafla kimwanga kikaruka juu, kikachora nusu duara, kikaanguka. Kilipotulia kilikuwa kushoto, mbali kidogo na chini ya taa ya jikoni.

Mikono ya Snefrid ilitenda kabla ya kichwa. Mdogo yuko kushoto, geuka kushoto, mfuate. Akausukuma usukani, na Terna ikatii kama ng'ombe mwema.

"Snefrid!" Maiken akapiga ukelele kutoka omo. "Kushoto kunachemka! Povu!"

Na kutoka kwenye simu, sauti ya kaka yake, ya mtu aliyeumia: "Usinifuate! Snefrid, usinifuate, siko bandani! Nimeanguka, niko kwenye mawe!"

Akaurudisha usukani kwa mwili mzima, mguu umekanyaga ubavu wa chombo. Tanga kuu likavuka upande wa pili kwa kishindo kilichotikisa mlingoti, mtu akapiga yowe, chombo kikainama mpaka maji yakaingia juu ya ubao. Upande wa kushoto Kikongwe kikapumua, povu jeupe karibu kiasi cha kulirushia kofia, kisha kikabaki nyuma. Terna ikasimama tena usoni mwa upepo, ikitetemeka.

"Unaweza kusimama?" Snefrid akauliza kwenye simu.

"Hapana. Mguu unatazama upande usio wake."

"Basi lala hapo. Nita..."

"Nita nini? Nita nini, mwanamke? Zunguka. Nipe nafasi nitambae."

"Ansgar, yale niliyosema ukumbini..."

"Si sasa! Endesha chombo!"

Alikiendesha. Aliipeleka Terna upande huu, akaigeuza, akaipeleka upande ule, na kila alipogeuka alikuwa amepoteza maji mengine kidogo kati yake na miamba. Angeweza kugeuka tena mara moja, labda mara mbili, na baada ya hapo upepo ungemwamulia. Macho yake hayakutoka ufukoni. Kile kimwanga kilikuwa kinatembea kwa kushtuka shtuka, chini kabisa, kikisimama zaidi kuliko kilivyokwenda. Hapo ndipo alipoelewa anachokitazama: kaka yake mwenyewe, na mfupa uliovunjika, anajiburuza juu ya mawe yenye barafu ili yeye apate njia. Alisikia pumzi yake kwenye simu na kila mara alipouma meno. Snefrid alimpenda mtu yule. Alikuwa amempenda muda wote alipokuwa akimchukia, na alijionea aibu mpaka akatamani Kikongwe kimmeze yeye peke yake, wengine wapite.

Kisha simu ikanyamaza.

"Betri?" Snefrid akauliza.

"Yangu inawaka," Preben akasema polepole. "Ni ya kwake."

Kule ufukoni kimwanga kilikuwa kimesimama.

Kilikuwa karibu kuwa chini ya kile cha jikoni. Karibu, si sawasawa. Huenda Ansgar alikuwa amefika ukutani, na ni Terna iliyokuwa nje ya mstari. Huenda alikuwa amezimia njiani, amelala kwenye mawe na taa imekaa kando yake, na ukiifuata unapanda juu ya mwamba na watu wanane nyuma yako. Kwa kuitazama huwezi kujua. Maiken alimgeukia akingoja amri. Wageni walimtazama yeye, na mwanamke mmoja kati yao alikuwa anasali kwa sauti ya kunong'ona.

"Tunaingia?" Maiken akauliza.

"Ngoja."

"Hatuna pa kungojea, Snefrid!"

"Nimesema ngoja!"

Na hapo kimwanga kikapanda. Hakikwenda kushoto wala kulia. Kilipanda wima kutoka chini, kikitetemeka, kikafika kimo cha mkono wa mtu aliyeketi ulioinuliwa juu kabisa, kikabaki pale. Mtu aliyelala njiani hainui taa. Huiinua mtu aliyefika mahali pake na anayetaka uone kwamba amefika.

"Sasa!" Snefrid akapiga kelele. "Lijaze!"

Matanga yakajaa, Terna ikaruka mbele. Mdogo alikuwa kulia kidogo, akamfuata kulia. Mdogo akarudi, akapitiliza hadi kushoto, Snefrid akamfuata kushoto. Povu likatokea kushoto, povu likatokea kulia, na mlio wake ukawa mkubwa kuliko upepo. Wimbi likaibeba tezi, nyuma ya chombo, likaitupa pembeni, na kwa muda Snefrid akaziona taa zimeachana kabisa, akausukuma usukani kwa tumbo, meno yameuma ulimi, damu inamjaa mdomoni. Zikakaribiana. Zikagusana. Zikasimama moja juu ya nyingine kama vifungo vya shati, na maji chini ya chombo yakatulia ghafla, mawimbi yakabaki kupiga kelele kule nyuma.

Walikuwa ndani.

Terna iliugusa ukuta wa gati kwa nguvu, lakini iligusa. Maiken aliruka na kamba. Snefrid hakungoja ifungwe. Alimwachia usukani Preben, ambaye hakujua afanye nao nini, akapanda gatini, akakimbia ufukoni akianguka na kuinuka.

Ansgar alikuwa amekaa juu ya theluji, mgongo kwenye ukuta wa banda, mguu mmoja umelala vibaya. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, imeshika chemli. Uso ulikuwa mweupe kama unga. Macho ameyafumba.

"Shusha, kaka," Snefrid akasema. "Nimeingia."

Akafumbua macho. "Wote?"

"Wote."

"Na Maiken?"

"Anafunga kamba. Shusha mikono."

"Haishuki," akasema. "Imekataa."

Snefrid akaitoa taa vidoleni mwake, kidole kimoja kimoja, akaishika mikono yake akaiteremsha taratibu, wa kushoto, kisha wa kulia, akaikandakanda. Akavua koti akamfunika. Alitaka kusema mengi, likatoka lililokuwa mbele.

"Miaka miwili unaiwasha kunikomoa. Kwa nini uizime leo, kati ya siku zote?"

"Kukukomoa?" Ansgar akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Kila ulipotoka na wageni, nilikaa jikoni. Ulipoingia kati ya miamba, nilikwenda kulala. Basi. Hukukosea pale ukumbini, sikuwa na wa kumngojea ila mpumbavu mmoja mwenye matanga."

"Na leo?"

Meno yalikuwa yanagongana. "Maiken alipita kwangu kabla hamjaondoka. Alisema wageni wanalalamika kuhusu taa, na msimu ukiendelea hivi utaiuza Terna. Nikajisemea, mitambo anayo, hanihitaji. Kwa mara moja nimwache aone giza lake vizuri." Akavuta pumzi. "Nilikaa humo jikoni gizani kama mwehu. Mianga uliiona vizuri?"

Snefrid akapiga magoti kwenye theluji, akamkumbatia pale alipokuwa ameketi, akalia kwa sauti, kilio kilichosikika mpaka gatini. Watu walikuwa wanakuja mbio na tanga dogo walilolifungua wambebee mgonjwa. Walipofika hawakujua waanze na nani, maana aliyevunjika mguu ndiye aliyekuwa anampigapiga mgongoni mwenzake na kumwambia anyamaze, yamekwisha, yamekwisha.